Siri za Wenye Magari Ziko Katika Mikono Salama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye bado yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, vitengo vidogo na vitengo vinavyotarajiwa. Wenye magari, wenye pikipiki, na hata nyinyi mliokuja kwa miguu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Nimesimama hapa, kama mkuu wa ofisi ya usajili wa magari, kuzindua Sistimu Jumuishi ya Kidijitali ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi za Wamiliki wa Vyombo vya Moto, ambayo seva yake ni kasha lile lililofunikwa kitambaa, na ambayo, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe nikiwa nimekaa, imeongeza usiri kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hiyo nne imetoka wapi?") Imetokana na juhudi, ndugu yangu.

Najua yapo malalamiko. Kuna dada mmoja, fundi cherehani, namwona safu ya tatu, anayedai kwamba mume waliyeachana naye, aliyeapa kumvunja miguu, alifika dirishani kwetu, akataja namba ya gari, akapewa anwani ya dada kabla hata hajamaliza kusalimia. (Minong'ono.) Kwanza, mkubali kwamba huduma ilikuwa ya haraka. Pili, dada alihama, na leo siri yake imehifadhiwa barabara, kama ninavyosoma hapa ukurasa wa pili: "Mmiliki, fundi cherehani. Gari dogo la kijani. Makazi mapya, nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba ya tatu, geti la bluu. Anaishi peke yake."

Samahani, huo ni upande wa nyuma wa karatasi. Katika kubana matumizi, ofisi yangu huchapa hotuba nyuma ya fomu zilizojazwa na wateja, pamoja na ratiba mlizopewa pale mlangoni. (Watu wanageuza ratiba. Sauti: "Jamani, fomu hii si ya shemeji yangu?")

(Fundi cherehani amesimama, ananyoosha kidole. "Mheshimiwa, yule pale mlangoni ndiye yeye! Kasikia yote! Sasa nihamie wapi tena?" Mwanamume anatoka mlangoni. Nje, gari linawashwa.)

Tulia, dada yangu, suala lako linashughulikiwa katika ngazi husika. Wote tuseme: Siri yako! Wajibu wetu!

Kwa kumalizia, namshukuru seremala aliyetuundia kasha lile jana. Angeweka kitu ndani, wahudumu wasingeweza kulibeba. Nawashukuru pia wafadhili wa sistimu hii, ambao tutawaandikia barua mara tutakapojua ni akina nani. Na wewe, dada unayekimbilia mlango wa nyuma, ukishahama tena, usisahau kupita pale dirishani utuachie anwani mpya.

Asanteni kwa kunisikiliza.