Kofia Niliyomtuza Mfungaji wa Timu Pinzani

Jamani, leo nimejivunjia heshima, na mashahidi walijaa ukumbi mzima.

Wengi wenu mnajua naandika riwaya ya kipa wa hoki ya barafu. (Mama kule Likoni bado anawaambia majirani ni riwaya ya mapenzi.) Kipa mwenyewe yupo kweli. Watu humwita Sajini. Alianza kudaka utotoni, akaacha, akaingia jeshini, akapelekwa vitani mara mbili, akarudi na goti bovu. Akiwa na umri ambao makipa wengine huanza kuwazia kustaafu, yeye ndiyo kwanza akavaa pedi upya. Miaka kumi na miwili amezunguka vijiji na miji ya baridi, timu baada ya timu, akisimama mbele ya wavu.

Kwa miezi miwili nimemhoji jikoni kwake. Hujibu kama anayetoa ripoti. "Ndiyo, bibie." "La, bibie." Swali moja tu ndilo alilokataa kulijibu: mtu aliyekwisha kulengwa kwa bunduki, kwa nini arudi kusimama mahali ambapo kazi yake ni kulengwa? Bila jibu hilo sina riwaya. Nina orodha ya timu.

Wiki jana akaniambia, "Jumamosi nadaka mechi yangu ya mwisho. Njoo ukae na mke wangu. Ikiisha, nitakujibu."

Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Basi leo asubuhi, hapa ughaibuni Brooklyn Park, nimeshavaa viatu, nimeshika daftari, Shangazi yuko jikoni anakaanga mahamri. Shangazi ndiye ninayekaa kwake, na ndiye mwenye gari.

"Shangazi, tutachelewa!"

"Mtu anaagwa, twende mikono mitupu? We mtoto umelelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi kaa chini, yaive."

Tumefika kwenye ukumbi wa barafu wa Apple Valley kipindi cha tatu kinaanza, yaani cha mwisho. Ubao wa matokeo ulisoma mbili kwa mbili. Nani alifunga, lini, vipi, hatukujua. Kumbukeni hilo mnaponihukumu.

Mke wa Sajini, Joan, alitupokea kwa kutukumbatia. Akatoa mfukoni kofia ya sufu, ya bluu na nyeupe, rangi za timu ya mumewe. Aliifuma mwenyewe. Mbele, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mwezini, ameitarizi jina langu: ZUHURA.

"Sasa wewe ni wa kwetu," akasema.

Nikaivaa. Machozi yakanilenga. (Mimi hulia haraka, ni maradhi ya waandishi.)

Kisha nikamtazama Sajini, nikasahau baridi. Nimeandika kurasa mia mbili juu yake bila kuwahi kumwona akidaka! Jikoni ni mzee mwenye goti bovu. Golini ni mlango unaofikiri. Kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo kilimjia kwa kasi ambayo jicho langu halikuiweza, naye akawa ameshafika kilipokuwa kinakwenda. Hapayuki. Harushi mikono. Anadaka, anagusa mwamba wa kushoto, anagusa wa kulia, anasubiri.

"Huyu angekuwa wetu," akasema Shangazi, "angeshaimbiwa."

Dakika za mwisho, wachezaji watano waliangukiana mbele ya goli. Magongo, miguu, theluji imeruka. Sajini akajitupa kifudifudi chini ya lundo lile lote. Nikashika mkono wa Shangazi. Amekilalia! Amekizima kwa kifua chake!

Papo hapo, upande wa pili wa ukumbi, watu wakaanza kurusha kofia barafuni.

Sasa nisikilizeni. Kwetu pwani, mwimbaji akikugusa moyo, hukai ukapiga makofi kama uliye mkutanoni. Unainuka, unakwenda ukicheza hadi mbele, unamtuza. Leso, bangili, chochote ulicho nacho. Shangazi aliwahi kumvulia mwimbaji viatu, akarudi nyumbani pekupeku akiwa mwenye furaha kuliko wote. Mtu anacheza mechi yake ya mwisho, ameokoa goli, watu wanavua kofia na kumrushia. Nyinyi mngeelewaje?

"Wanamtuza!" Shangazi akapiga kelele. "Zuhura, wanamtuza Sajini! Vua!"

"Kofia ya Joan?"

"Usiwe bahili! Ndiyo yenye thamani!"

Nikavua. Nikairusha kwa nguvu zangu zote juu ya kile kioo kirefu kinachozunguka barafu. Shangazi, ambaye ushungi wake hauvuliwi mbele ya watu, akatafuta chake cha kutuza. Akapata mahamri. Akarusha mfuko mzima. Halafu tukapiga vigelegele. Virefu. Vya harusi.

Tulipomaliza ndipo nikasikia ukimya.

Upande wetu wote ulikuwa umeketi. Ni sisi wawili tu tuliosimama. Nyuma ya goli taa nyekundu ya bao inawaka. Ubao unasoma mbili kwa tatu.

Joan akanivuta mkono, taratibu, kama unavyomvuta mgonjwa.

"Mpenzi," akasema, "kofia hurushwa mchezaji akifunga mabao matatu peke yake."

"Nani amefunga matatu?"

Akanionyesha kwa kidole. Namba kumi na saba. Wa timu ya wageni.

(Miezi miwili ya utafiti! Najua uzito wa pedi, najua jinsi goti linavyouma asubuhi. Hili sikulijua. Lakini kipa gani atakusimulia sherehe ya anayemfunga?)

Mngedhani yameisha. Namba kumi na saba, kijana mwenye pengo la jino, akateleza katikati ya zile kofia, akaiona ya bluu na nyeupe, akaiokota. Akaivaa juu ya helmeti! Akauzunguka uwanja ZUHURA ikiwa kwenye paji lake, akifuata zilikotoka zile kelele, akasimama mbele yangu, akaniinamia.

Sajini akainua kinyago chake. Akanitazama. Mechi ikasimama kwa muda, wafanyakazi wakikwangua mahamri kwenye barafu.

Tulifungwa hivyo hivyo, tatu kwa mbili.

Nilitaka kuondoka. Niliona riwaya yangu inakwanguliwa pamoja na mahamri yale. Shangazi akasema mkosaji hakimbii, husubiri aombe radhi. Tukasubiri karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Sajini akatoka akichechemea, nywele zimelowa, kofia yangu mkononi. Kwenye mkono wa pili, hamri moja, limeumwa nusu.

"Nisamehe," nikasema. "Nilidhani umekidaka."

"Na mimi nilidhani hivyo." Akatafuna. "Ile sauti mliyotoa ni ya nini?"

"Ni ya furaha. Ya kumtukuza mtu."

Akameza. Kisha akacheka. Miezi miwili sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Joan naye akaanza.

"Bibie," akasema alipotulia, "jibu lako ni hili. Hapa ukifungwa, wanakirudisha kisahani katikati, wanapuliza filimbi, mnaanza upya. Kule nilikokuwa, kilichokupita kimekupita. Nilirudi kwa ajili ya ile filimbi."

Nikaandika kwenye kiganja, maana daftari lilibaki kwenye viti.

Kisha akamgeukia Shangazi, kwa adabu zote za kijeshi, akauliza kama kuna mahamri mengine.

Basi nimerudi nyumbani nimeridhika kuliko nilivyostahili. Mkitaka kucheka, chekeni leo leo, kwa sababu kitabuni nitaandika kwamba Shangazi ndiye aliyerusha vyote.