Aliyekiandika na Akieleze

Jumatatu, 29 Aprili

Mkutano wa Uwanjani ni Jumapili. Nimekipekua tena kijitabu cha hoja zitakazopigiwa kura huko. Hoja ya Kumi na Mbili bado imo. Nilitumaini itadondoka kwa mchapaji. Haikudondoka. Kila nyumba jimboni imeshapata nakala.

Mwenye hoja ni Balz Hösli, muuza nyama. Kwetu raia mmoja akitaka sheria, anaandika, anatia sahihi, na jimbo zima linaipigia kura. Jambo zuri sana. Nimelisifu katika insha zangu zote za chuo kikuu. Lakini kwa nini Hösli? Anasema kijitabu cha mwaka jana alikisoma mpaka macho yakamuuma, asijue kama anaikubali ile barabara mpya au anaikataa. Kwa hiyo anataka sheria: karani anayekiandika kijitabu apande jukwaani, aeleze kila hoja kwa mdomo wake.

Karani anayekiandika ni mimi.

Mimi ninayenunua mkate kwa kuunyooshea kidole! Mbele ya maelfu! Kila mwezi wa Mei, mpaka nistaafu!

Jumanne, 30 Aprili

Nimeliwaza kwa utulivu. Tatizo ni hili: hoja isipopingwa inapita hivyo hivyo, bila hata mikono kunyooshwa. Kiongozi wa jimbo anauliza nani anataka kusema, anasubiri kidogo, basi, imekuwa sheria. Ili nisipande jukwaani, lazima mtu apande jukwaani akapinge. Mtu huyo asiwe mimi.

Nimemwendea Mjomba Kaspar. Mjomba amesema katika kila mkutano tangu kabla sijazaliwa. Amepinga madaraja, amepinga taa za barabarani, na mwaka mmoja alipinga hoja aliyoileta mwenyewe. Nilimkuta akikamua. Nikamweleza kwa mbali, kama habari ya rafiki yangu. Akaniuliza huyo rafiki naye anavaa miwani ya duara? Akacheka mpaka ng'ombe akageuka kutazama. Kisha akaahidi. "Nenda zako ukalale, mpwa wangu. Huyo Hösli nitamkata vipande kama nyama yake."

Furaha! Lakini nilipofika mlangoni kwangu nikaanza kujiuliza: je, akiumwa?

Alhamisi, 2 Mei

Akiba haiozi. Nimemwendea Mwalimu Dorothea, aliyenifundisha kusoma. Amesema hoja ya Hösli si mbaya hata kidogo, ila ananionea huruma. Anaukumbuka mchezo wa Krismasi, nilipopewa nafasi ya kondoo asiye na neno hata moja, na bado nikalia. Atapinga.

Kisha Zwicky, daktari wa mifugo. Mkono wake wote ulikuwa ndani ya ng'ombe, hakuweza kunikimbia. Amekubali, kwa sharti niache kumzibia mwanga.

Watatu! Lakini Mwalimu ana mafua, na daktari ana sura ya mtu aliyebebeshwa gunia. Nikarudi kwa kila mmoja kumtuliza. Asidhani mzigo ni wake peke yake, wapo wengine wawili. Mwalimu alishusha pumzi, akaniombea baraka. Daktari akasema hayo ndiyo maneno. Mjomba tu ndiye aliyesugua kidevu. Akauliza hao wawili watasema nini hasa. Nikamwambia yale yale atakayosema yeye. "Yale yale?" akasema. Akarudia, "Yale yale?"

Cha ajabu. Kwa nini arudie?

Jumamosi, 4 Mei

Mafundi wanapigilia jukwaa. Nilipokuwa nikipita nilijaribu kuwaamkia kwa sauti kubwa, kuona itakuwaje. Haikutoka. Inawezekanaje sauti niliyoamka nayo asubuhi kupotea mara moja kwa kuona mbao? Sijapata kitabu kinacholieleza hili.

Nimemuuliza Bi Stüssi, mkuu wangu, swali jingine linalonisumbua. Kadi za kura zikinyanyuliwa kwa maelfu, kiongozi anajuaje upande gani umezidi? Akasema anatazama. Na zikikaribiana? Anatazama tena. Kisha akaniuliza nina maoni gani juu ya Hoja ya Kumi na Mbili. Nikasema karani hana maoni.

Jumapili, 5 Mei

Mvua nyembamba. Miavuli ikafungwa ili mikono ionekane. Kiongozi akaegemea upanga wake wa kimila, akaisoma Hoja ya Kumi na Mbili, akauliza nani anataka kusema.

Mjomba akaenda!

Mwalimu Dorothea alimwona akipanda ngazi, akanikonyeza, akapenga kamasi kwa raha zake. Daktari Zwicky akajimiminia kahawa. Kazi imeshapata mwenyewe. Nusura niimbe.

Mjomba akasema alikuja kupinga. Ila ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba wapo wawili wenye maneno yale yale, na yeye tangu azaliwe hajasema neno la kuazima. Basi akakaa zizini akitafuta neno jipya, na amelipata. Hoja ya Hösli ina kasoro moja: inaanza mwakani. Kwa nini mwakani? Karani si yule pale, anajificha nyuma ya kofia ya mwenzake? Aanze leo hii, na Hoja ya Kumi na Tatu!

Vicheko. Kiongozi akauliza kama kuna mwingine. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Mwalimu. Nilifungua kinywa mimi mwenyewe, hilo lisisahauliwe. Ikaingia mvua tu.

Kadi zikanyanyuliwa. Kiongozi alitazama. Hakuhitaji kutazama tena.

Nilifikaje jukwaani? Nakumbuka mikono mingi mgongoni, na Hösli akinishika kiwiko. "Twende, kijana, sisi hatuli watu." Hoja ya Kumi na Tatu: kanuni mpya za kufagia masizi ya dohani. Nikasoma kifungu cha kwanza nikiinong'onezea kola yangu. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba kola imeshasikia, sasa zamu yao. Kifungu cha pili nikakisema kwa sauti. Kweli, kwa sauti! Kifungu cha tatu, bibi mmoja wa safu ya mbele akauliza: mwenye dohani moja na majiko mawili, anafagiliwa mara ngapi? Nikakisoma kimya. Nikakisoma tena. Niliogopa mno hata nikashindwa kubuni jibu.

"Mama, sijui," nikasema. "Nilikiandika, lakini sikukielewa."

Kikaja kicheko kilichokwenda milimani na kurudi. Hoja ikarudishwa serikalini ikaandikwe upya. Mjomba alinikumbatia, akaniambia nimshukuru.

Jumatatu, 6 Mei

Bi Stüssi ameniita. Niliingia nikiwa nimeshafungasha kalamu zangu. Hakunifukuza! Amesema kifungu cha tatu hata yeye hakukielewa, wala kiongozi, na hakuna aliyethubutu kusema. Dawa yake ni nyepesi: mwaka ujao niandike mambo ninayoyaelewa, na kupanda jukwaani kutakuwa kama kumweleza jirani uani. Hösli naye ameleta soseji za ndama na salamu zake. Eti ni mara ya kwanza ameielewa hoja ya serikali: ameelewa kwamba haieleweki.

Nimelichunguza wazo la Bi Stüssi kila upande. Linavutia. Lakini bado linanitaka nipande jukwaani, kwa hiyo halifai.

Nimetafuta kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Watatu walikuwa wachache. Sheria iliyoletwa na raia mmoja inaweza kufutwa kwa hoja ya raia mmoja. Wa kuileta nimeshampata: Mjomba Kaspar. Ameahidi kwa moyo mmoja. Kuitetea nitatafuta saba. Saba! Na safari hii sitahangaika kumtuliza kila mmoja nyumbani kwake. Nitawaalika wote chakula cha jioni, niwatulize kwa pamoja.