Uso wa Doli ya Sista Kinanu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimepata kazi. Haikuwa yangu, lakini nimeipata.

Sista Kinanu alipita asubuhi na doli imefungwa kwenye taulo. Hakuja kwangu. Alikuja kwa Nasteha, jirani yangu, anayepaka maharusi hina hapo mlango wa pili. Nasteha alikuwa na mteja. Basi nikatoka mimi, Luke Irungu, mchoraji wa mabango, nikauliza kuna shida gani.

Sista alikuwa nesi wa wodi ya wazazi miaka mingi. Nyumbani ana kabati la vioo limejaa madoli ya zamani, ya kukusanywa, si ya kuchezewa, nyuso zimechorwa kwa mkono. Hii ndiyo anayoipenda zaidi. Alipewa na mtawa mmoja Mwitaliano wiki aliyomzaa Kawira, binti yake wa pekee. Jumamosi wakwe wanaleta mahari. Sista anataka kumkabidhi mama mkwe wa Kawira doli hii mbele ya watu wote, akae nayo badala ya bibi harusi mpaka Kawira mwenyewe aende kwao. Akasema nyusi zimefifia tu, na midomo kidogo. Alitaka Nasteha aiguseguse.

Nikamwambia siku hizi madoli ndiyo kazi yangu. Nimesharembesha mengi. Ya Nanyuki, ya Meru, hata ya Nairobi. Ulimi huu! Sijawahi kushika doli tangu nizaliwe.

Akaniamini papo hapo. Huyu ndiye aliyekuwa akija kumgeuza mama yangu kitandani kila jioni mpaka siku alipofariki. Nimeona haya kidogo. Lakini nitafanyaje? Tangu mabango ya kuchapishwa na mashine yaingie Isiolo, brashi zangu zimekauka. Nasteha alipotoka aliniuliza kama nina hakika na ninachofanya. Wivu huo.

Jumanne, 6 Agosti

Sista alisema kugusagusa. Hiyo ni kazi ya watu wa hina. Mimi nitauchora uso upya kabisa, mpaka Nasteha mwenyewe aje kujifunza!

Nimetazama video ya mama mmoja anayerembesha madoli. Anasema kwanza utoe rangi ya zamani. Alipofika kwa dawa ya kuitolea, bando ikaisha. Haidhuru. Nikaenda kwa Nasteha kuomba dawa ya kutoa kutex, rangi ya kucha. Nikamwambia ni ya kidole changu cha mguu. Akautazama mguu wangu muda mrefu, akanipa.

Nyusi zikatoka vizuri. Macho yakatoka. Midomo ikatoka. Nikafurahi, nikazidi kusugua, na shavu likaanza kulainika. Mungu wangu, plastiki inayeyuka! Nikaidaka isianguke, kidole gumba kikazama shavuni. Alama iko pale mpaka sasa na mistari yake yote. Polisi wangefurahi.

Nimeketi na doli isiyo na uso. Niliigeuza itazame ukutani, kisha nikakumbuka haina cha kutazamia. Aibu gani hii!

Alhamisi, 8 Agosti

Jana nilichora kwa rangi ya mafuta, ile ya mabango. Mkono wangu umezoea herufi za kusomwa na dereva wa lori. Nikaweka nyusi, nikaweka kivuli chake, nikazungushia mstari mweupe ili zionekane kwa mbali. Kwa mbali zinaonekana, kweli. Kwa karibu ni bango la hoteli.

Na haikauki! Asubuhi ilikuwa bado inanata kama uji, nikaianika nje juani. Nikasahau upepo wa Agosti. Niliporudi doli ilikuwa imeota ndevu. Vumbi lote la barabara ya sokoni limeganda kidevuni.

Na Sista naye akatokea wakati huohuo. Nikaitupa doli ndani ya ndoo. Akauliza mgonjwa wake anaendeleaje. Nikamtazama machoni, nikamwambia uso unapumzika, mafundi wote huupa uso siku moja ya kupumzika. Akasema, kumbe! Akaniachia chapati na maharagwe, ati nimekonda kwa sababu ya kazi yake.

Nimeona aibu kila tonge. Lakini nimemaliza.

Ijumaa, 9 Agosti

Rangi yote nimeitoa kwa mafuta ya kupikia. Ile dawa ya kutex sitaki hata kuisikia. Macho na nyusi nimechora kwa kalamu ya wino usiofutika. Si mabaya. Jicho moja linatazama Merti kaskazini, jingine linatazama Nanyuki kusini. Imebaki midomo na lile shimo la kidole.

Nataka rangi nyekundu inayoshika plastiki na kukauka upesi. Nikamkumbuka Waqo! Waqo anauza mbuzi pale soko la mifugo, na rangi anayowapaka mgongoni nilimchanganyia mimi mwenyewe, nyekundu yenye buluu kidogo. Hakuna mfanyabiashara mwingine aliye nayo. Inashika hata kwa mbuzi aliyenyeshewa. Nilimwapia kwamba sitampa mtu mwingine yeyote. Lakini doli si mtu.

Ningemwomba. Ila angeuliza ni ya nini, na kufikia jioni soko zima lingejua. Nikangoja aende swala ya Ijumaa, nikachota kidogo kwa kifuniko cha soda. Mwenzangu yuko msikitini anasujudu, mimi niko kwenye mkebe wake! Nilitoka pale nimeinama, mbuzi wananitazama tu.

Lakini midomo imetoka! Shavuni nimepaka duara kubwa, shimo likapotea. Nikapaka jingine upande wa pili ili yalingane. Nasteha akachungulia, akakodoa macho, akauliza rangi hiyo nimeitoa wapi. Nikasema Nairobi. Akaniambia kama nataka aimalizie yeye, muda bado upo. Aliniambia kwa upole kabisa. Nikamjibu fundi hamaliziwi kazi.

Jioni nimempelekea Sista doli yake imefungwa vizuri. Nimemwonya asiifungue kabla ya kesho, isije ikapata vumbi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka. Nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wakwe walifika wakiimba getini. Ni watu wa Nyeri, lakini mbuzi wa mahari waliwanunua hapahapa Isiolo. Kwa nani? Kwa Waqo! Tena aliwaleta mwenyewe. Walifungwa kando ya hema, kila mmoja na duara la rangi ileile mgongoni. Nilipowaona tu, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Nilijua ni rangi ya mbuzi, sikatai. Nilidhani kwenye uso mdogo vile hakuna atakayeitambua.

Sista akasimama kwa furaha na gauni jipya. Akaeleza habari ya doli na ya Kawira. Akafunua taulo.

Mzee mmoja wa Nyeri akatazama doli, akatazama mbuzi, akarudi kwa doli. Akauliza kama na hii inahesabiwa. Watu wakavunjika mbavu. Waqo hakucheka. Alishangaa tu, akasema bila ubaya wowote kwamba rangi hiyo yeye humpaka mbuzi ambaye ameshauzwa.

Kicheko kikakatika. Kaka yake Sista akainuka, akawauliza wakwe kama wamekuja kuoa au wamekuja kununua. Kisha akamgeukia dada yake, akamuuliza ni nani aliyemwambia ampake binti yao alama ya sokoni. Kawira akaanza kulia. Wazee wa Nyeri wakaanza kutafuta kofia zao. Shughuli yote inavunjika kwa sababu ya kifuniko kimoja cha soda!

Ningesimama. Maneno yenyewe ni machache tu, ni mimi niliyefanya. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji na sahani ya pilau, nikabaki hukohuko. Sista akatupa macho huku na huku mpaka akanipata. Tukatazamana. Kisha akawaambia watu rangi aliichagua yeye, macho yake yamezeeka, wamwie radhi. Akaomba msamaha mbele ya wakwe zake, siku ya binti yake, kwa kosa langu!

Mama mkwe akainuka, akaikumbatia doli, akaifunika uso kwa leso yake. Akasema anaipokea hivyohivyo. Wazee wakaketi, mahari ikapokelewa.

Mimi nilipitia ua wa nyuma. Pilau niliiacha. Nimelala tangu mchana na blanketi usoni, na usingizi haupo.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Waqo, nikamwambia yote. Akasema ningemwomba angenipa, tena angenikataza kuipaka usoni mwa bibi harusi. Akasema atabadilisha rangi, na wa kumchanganyia atamtafuta mwingine. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kisha nikaenda kwa Sista. Doli ilikuwa mezani. Mama mkwe ameiacha itengenezwe kabla ya kupelekwa Nyeri, na Nasteha ameshaimaliza. Nyusi nyembamba, macho yote yanatazama mahali pamoja. Shimo la kidole changu hakulifukia. Amelilainisha kingo likawa kishimo cha shavuni, kama kile anachotoa Kawira akicheka. Mimi nilikuwa nalificha siku zote zile!

Nikaanza kujieleza, mara bando, mara upepo, mara rangi kutokauka. Sista akanizuia. Akasema doli haikumuuma. Kilichomuuma ni ile Alhamisi, alipouliza na mimi nikamtazama machoni. Ningemwambia siku ile, akasema, tungecheka wote wawili, tukaenda kwa Nasteha pamoja. Kisha akanimiminia chai.

Sikuweza kuinywa. Nimelia njia nzima, watu wa bodaboda wananiuliza nani amekufa.

Naapa leo kwamba sitadanganya tena kuhusu kazi. Kamwe! Nimepigia mstari.

Jumatano, 14 Agosti

Huqa, mwenye duka la nguo karibu na stendi, ana masanamu ya kuvalishia magauni. Jua limeyafuta nyuso yote. Leo aliniuliza kama namjua fundi wa nyuso.

Nilisita. Kwa kweli nilisita, na naandika hapa ili ijulikane. Lakini sanamu ni kubwa, brashi yangu inalitosha. Na Huqa hana mbuzi wala wakwe. Nikamwambia fundi mwenyewe ndiye huyu amesimama mbele yake. Nimebobea. Nyuso za plastiki hasa.

Huqa ni mtu mwangalifu. Akataka namba ya mtu niliyemfanyia kazi, ampigie kwanza amuulize.

Nikampa ya Sista Kinanu. Huyo hawezi kuniangusha.