Mimi na Marehemu Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Afadhali! Nilidhani nimeitwa kufukuzwa kazi, kumbe ni kikao tu. Daktari, mkuu wetu wa mradi, alitukusanya stoo, chini kabisa ya jengo la idara, tunapokaa mimi, Bi Glavu na makaburi arobaini na moja ndani ya maboksi. Ni makaburi ya kijiji kilichotoweka miaka mia sita iliyopita. Daktari anataka kujua watu wale walikuwa nani, walitoka wapi, walikula nini, nani alikuwa ndugu ya nani. Yote hayo kwa mifupa na meno! Mimi nikitaka kujua ndugu za mtu huwa naenda msibani kwake.

Habari kubwa: kuna nafasi moja ya kudumu ya mtunza stoo. Atachagua mwisho wa mwezi, kati yangu na Bi Glavu. Mkataba wangu nao unaisha tarehe 31. Nikikosa nafasi hiyo, shemeji ananisubiri kwenye mabanda yake ya kuku. Ameshaninunulia mabuti ya mpira. Saizi yangu kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Bi Glavu nimembatiza mimi, kwa kuwa havui glavu hata akisaini daftari la mahudhurio. Leo kazi ilikuwa kutenganisha vipande vya mifupa na kokoto, trei moja kwa kila kaburi. Yeye huchukua kipande, hukiweka chini ya lenzi, hukigeuza, huguna, huandika. Kufikia saa nne alikuwa na vipande ishirini na vitatu. Na bado alijiona ana haraka!

Ndipo nikakumbuka ujanja wa wachimbaji wa zamani. Gusisha ulimi. Mfupa mkavu wa kale hung'ang'ania ulimi. Jiwe halina habari na wewe. Nikajifungia chumba cha pili. Vipande mia tatu na kumi na viwili kabla ya chakula cha mchana! Vya namba kumi na nne nilivirudia mara mbili kwa heshima, maana huyo ndiye mkubwa wao. Alizikwa na bangili za shaba na shanga tele, na humu ndani tunamwita Chifu. Daktari alishika kiuno. Aliniuliza nimewezaje. Nikamjibu ni uzoefu. Mchana sikula, nilikuwa nimeshiba vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kwenye vipande vyangu wamepata mfupa wa ndani ya sikio wa Chifu, ule mgumu unaotunza vinasaba kuliko mingine. Wataanza na huo huko maabara, ghorofa ya juu. Daktari alinipongeza mbele ya Bi Glavu. Bi Glavu naye alisema hongera, kwa uso wa mtu anayemeza kidonge bila maji.

Baadaye Fundi wa mashine za maabara alishuka na vijiti vya pamba, akatupangusa ndani ya mashavu sote, hata mfagiaji. Alieleza sababu kwa kirefu. Sikusikiliza, nilikuwa natunga hotuba ya kupokea cheo. Nadhani ni mambo ya afya. Nilishukuru tu kwamba hawakutudunga sindano.

Jumatano, 19 Machi

Fundi alinisimamisha ngazini, anacheka mpaka kashika ukuta. Majibu ya Chifu yametoka. Wameyalinganisha na ya wafanyakazi wote, na Chifu kafanana na mimi. Kabisa kabisa! Hakumaliza kucheka, nami sikumsubiri amalize.

Mimi ni mjukuu wa Chifu. Siku zote nilihisi kitu. Hata ninavyokaa kwenye kiti. Nimempigia mama. Mama kasema sisi ni wa kuja, babu alifika huku kwa miguu akitafuta kibarua cha reli, na kabla ya hapo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupaona mahali hapa. Nikamwambia hana elimu ya mambo ya kale. Akakata simu. Mke wangu naye kauliza kama huyo mjukuu wa Chifu ataziba lini bomba la jikoni. Nilikuwa naandika barua: kwa kuwa marehemu ni wa kwetu, utafiti hauwezi kuendelea bila ridhaa ya familia, familia ni mimi, na familia itaridhia pindi itakapopewa cheo cha mtunza stoo. Nakala kwa mkuu wa idara. Shemeji na mabuti yake atanikoma!

Alhamisi, 20 Machi

Nimepeleka barua nikiwa na koti la harusi yangu. Nikamwagiza Bi Glavu aache kusema "namba kumi na nne", aseme "Babu". Akavua miwani, akaniuliza polepole kama siku ile ya kutenganisha vipande nilivaa glavu. Nikamwambia hayo ni maswali ya wivu. Akauliza kama nilivaa barakoa. Nikamwambia mtu havai barakoa mbele ya babu yake. Akapanda ngazi mbio. Miaka yote hii sijawahi kumwona akikimbia.

Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana.

Daktari alikuwa na barua yangu mezani. Alianza kwa upole, ndiyo maana nikaogopa. Alisema miaka mia sita ni vizazi zaidi ya ishirini. Mjukuu wa mbali kiasi hicho hubakiwa na chembe tu za babu yake, pengine asibakiwe na kitu. Lakini Chifu hakufanana nami kidogo. Alifanana nami kila kitu, mwanzo hadi mwisho, hata tumbo kukataa maziwa. Huyo si ndugu yangu, alisema, huyo ni mimi. Kwa hiyo mambo ni mawili: ama nilikufa miaka mia sita iliyopita, ama mate yangu yameingia kwenye ule mfupa. Aliuliza ni lipi. Lile la kwanza nililifikiria kwa muda.

Nikakana. Akauliza tena. Nikasema yote: ulimi, mlango, uzoefu. Fundi akasema kumbe ndiyo maana. Walisafisha juu, lakini mfupa ulikuwa na nyufa na mate yalishapenya ndani. Kumbe ndiyo kazi ya vile vijiti vya pamba, kumjua mchafuzi! Daktari akauliza nimelamba vipande vingapi. Nikasema vyote. Akakaa chini. Miaka mitatu ya kazi yake. Wazee, wanawake, watoto, kaburi kwa kaburi, ingesomeka kwamba kijiji kizima kilikuwa mimi.

Niliona haya kweli kweli. Yule mtu amelala miaka mia sita, hatimaye kapatikana mtu wa kuuliza yeye ni nani, halafu nimekuja mimi nimemlamba na kukaa mahali pake. Nimelia chooni. Nyumbani mke wangu alinipa chai. Mabuti yako mlangoni. Shemeji kayaleta mwenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Afueni! Afueni jamani! Nimepumua mpaka kifungo cha shati kimeruka.

Bi Glavu, siku maboksi yalipoingia, kabla ulimi wangu haujafika, alichukua jino moja kutoka kila kaburi. Glavu, barakoa, mfuko uliofungwa, tarehe, sahihi. Mwezi uliopita yakapelekwa maabara ya pili kwa ajili ya kuhakikisha. Majibu ya kwanza yameingia leo. Safi! Hamna hata tone langu.

Na Chifu ni mwanamke. Maji aliyokunywa utotoni yaliacha alama kwenye jino, na si maji ya huku. Alikuja kutoka mbali sana, pengine kuolewa. Watoto wawili waliozikwa jirani naye ni wanawe wa kuzaa. Mimi na yeye hatuna undugu hata wa kusingiziwa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kuwa mjukuu wake. Yupo, mama wa watu! Sikumfuta.

Nafasi kapata Bi Glavu. Nimempa mkono, alivaa glavu. Nikamwambia asante, na nilimaanisha. Akasema, "Usijali kaka, lakini stoo yangu huingii." Mimi nimeongezewa mwaka mmoja, uani, kuchekecha udongo. Daktari kasema ni kwa sababu mwishowe nilisema kweli, na kwa sababu katika vipande vyote nilikosea kimoja tu, kigae cha kikombe. Tena kisa changu kitafundishwa kwa kila mwajiriwa mpya. Nimeuliza kama jina langu litatajwa. Kasema litatajwa kwanza. Mabuti nimemrudishia shemeji, nikamwambia mguu umekua.

Jumatano, 26 Machi

Uani. Magunia sita ya udongo mpya, kokoto na mifupa vimechanganyika. Bi Glavu kanikabidhi glavu, barakoa na lenzi. Kasema polepole, kimoja kimoja. Kufikia saa nne nilikuwa na vipande kumi na tisa. Kumi na tisa!

Nimetubu. Ulimi wangu hautagusa mfupa tena, nimemwapia Daktari. Ila nimekaa nikatafakari, nikaona kosa halikuwa kulamba. Kosa lilikuwa ulimi wa binadamu. Mlinzi wa getini ana mbwa. Mnyama mzima, mwenye afya, anajua mfupa na jiwe tangu azaliwe, na hakuna mashine itakayomchanganya na marehemu. Hata Fundi nimemuuliza kijanja, kakubali kwamba mbwa si mtu. Kesho mbwa anaanza kazi saa mbili asubuhi. Nimemwomba mlinzi asimlishe kabla, ili aje na ari ya kazi.