Vita vya Kitanda cha Maji cha Bi Bernadine

Njooni, enyi wapangaji wa kila ghorofa, nanyi mnaolala juu ya sifongo na pamba mkidhani usingizi ni kitu cha bure! Wekeni vikombe chini, zimeni runinga, mtege masikio, kwa maana nawasimulia habari za Bernadine Pruski wa Toledo, Ohio, Mlinzi wa Maji Yaliyotulia, Mpishi Mkuu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye watoto wa madarasa yote walimaliza njegere zao kwa kumwogopa, na jinsi alivyokiokoa kitanda chake Ijumaa moja kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ikawa katika siku zile jengo la matofali mekundu likanunuliwa na mwenye nyumba mpya, ambaye hapana mpangaji aliyepata kumwona uso, na amri yake ya kwanza ikabandikwa kando ya masanduku ya barua: kila mpangaji na akate bima ya vitu vyake na ya hasara atakayowatia wenzake, na hati ifike kwa meneja Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, asiye na hati, mkataba wake hautaongezwa. Wapangaji wakanung'unika, wakapiga simu, wakapata hati zao hata kahawa haijapoa. Lakini watu wa bima wana swali lao, nalo limewaangusha mashujaa wengi: je, nyumbani mna kitanda cha maji?

Bernadine alikuwa nacho. Kilikuwa kipana, cha fremu ya mwaloni, na godoro lake lilikuwa mfuko mkubwa wa maji yaliyopashwa joto kwa umeme, mfuko ambao ukipasuka huwashushia gharika wa ghorofa ya chini. Yeye na mumewe Leland walikilalia tangu wiki ya harusi yao. Huyo Leland alikuwa dereva mstaafu wa malori, Bwana wa Barabara Kuu, na barabara hizo hizo ndizo zilizomharibu mgongo. Juu ya godoro la kawaida angepata lepe moja tu, kisha angeugulia mpaka alfajiri. Juu ya maji alikoroma mpaka madirisha yakaitikia. Kwa hiyo kilichogombaniwa hapa hakikuwa mbao na plastiki, bali usingizi wa mzee mmoja, na mkewe aliupenda usingizi ule kuliko wake mwenyewe.

"Sema hatuna," Leland alimshauri. "Nani atakuja kutuchungulia chumbani?"

"Leland, miaka yote nimewakaripia watoto wa watu kwa kuficha njegere mfukoni na kusema wamekula. Leo nianze mimi?"

Hivyo akasema kweli, na kampuni moja baada ya nyingine ikamkatia simu kwa adabu. Akabaki wakala mmoja tu, Glenda Hatch, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dobi, aliyekubali kwa sharti moja: akione kitanda kwa macho yake, ahakikishe hakivuji, ndipo asaini hati papo hapo. Akaahidi kufika Ijumaa mchana.

Ijumaa ikapambazuka. Bernadine akajifunga kibwebwe, akaing'arisha fremu, akatandika mashuka ya harusi, kisha akaiinjika jikoni silaha kuu ya ukoo wake: kabichi zilizoviringishiwa nyama na wali, zikaiva taratibu katika mchuzi wa nyanya. Na hapo ndipo shujaa wetu alipoteleza, kwa maana alimlisha hakimu wake kupita kiasi.

Glenda alikuwa mama mnene, mwenye miguu iliyovimba kwa kupanda ngazi za watu wiki nzima. Akala kwa njaa, akala tena kwa utamu, akala tena ili asimvunjie mwenyeji heshima. Kisha akaingia chumbani na tochi, akakagua mishono, akabonyeza pembe zote.

"Mama Pruski, itabidi nijilaze kidogo," akasema. "Nisikie kama mfuko unashikilia."

Akavua viatu, akajilaza. Maji ya uvuguvugu yakampokea, yakampandisha, yakamshusha. Na kabla Bernadine hajampa kalamu, wakala wa bima alikuwa amezama usingizini, na hati haijasainiwa.

Mwanzoni walimwonea huruma, wakamwacha. Ilipogonga saa kumi, Bernadine akatangaza vita. Akafungua mapazia yote, Glenda akajifunika uso. Akaizungusha mashine ya kufyonza vumbi pande zote za kitanda, kama jeshi linavyoizingira ngome, Glenda akatabasamu. Akamtikisa bega, bega likatikisika, maji nayo yakatikisika, na mwenye bega akazidi kubembelezwa.

"Jumatatu," Glenda alinung'unika, akageukia upande wa pili.

Zikabaki dakika kumi ofisi ifungwe. Bernadine akamtazama mumewe, na mumewe akamtazama, kwa maana wote waliooana juu ya maji wanaijua sheria moja: anayejitupa upande huu humrusha aliye upande ule. Ujanani Leland alikuwa akirudi safari anajibwaga hivyo, na Bernadine anarushwa huku akicheka. Lakini daktari alishamkataza, na Bernadine akaingiwa na hofu ya kweli.

"Usithubutu," akasema. "Mgongo wako huo."

"Berni, mke wangu, miaka yote hii nimelala vizuri kwa sababu yako. Sogeza hiyo taa."

Akasogeza taa. Leland, Bwana wa Barabara Kuu, akavua ndara, akarudi nyuma mpaka ukutani, akakimbia kadiri mzee awezavyo kukimbia, akaruka, akatua kwa tumbo. Wimbi likainuka! Likapita chini ya mashuka ya harusi likinguruma, likamfikia Glenda Hatch, likamnyanyua mzimamzima na kumsimamisha juu ya zulia, macho wazi, nywele upande mmoja.

"Niko wapi?"

"Uko kazini, mama," alijibu Bernadine, akimpa kalamu.

Glenda akakitazama kitanda kilivyoyumba, akalipapasa zulia kwa unyayo wake mtupu. Lilikuwa kavu.

"Kama hakijapasuka kwa hilo, hakipasuki tena," akasema, akasaini.

Bernadine akazishuka ngazi, hati kifuani, akamkuta meneja, kijana aitwaye Corwin, anafunga mlango. Akamhutubia pale pale: kwamba historia itamkumbuka aliyeufunga mlango ule na aliyeufungua, na achague mwenyewe. Corwin akaufungua, akaisoma hati mpaka chini.

"Kitanda cha maji? Kumbe bado vipo, bibi?"

"Kimoja."

Akagonga muhuri.

Aliporudi juu, Glenda alikuwa jikoni akimalizia kabichi, na Leland alikuwa bado amelala pale alipotua.

"Umeumia?"

"Sijui. Tumepata?"

"Tumepata."

"Basi siinuki."

Bernadine akavua viatu, akakaa ukingoni. Akangoja maji yatulie, akapandisha mguu mmoja, akangoja tena, ndipo akapandisha wa pili, ili hata kiwimbi kimoja kisimfikie mgongoni. Na iandikwe, isomwe katika kila jengo lenye wapangaji, kwamba kabla hajamsimulia habari za muhuri, Leland Pruski alikuwa anakoroma kama siku zote, ila safari hii alikoroma akiwa na bima.