Tai Aliyekula Bando la Mama Benta

Sydney Oluoch alinusa pesa kabla hajanusa samaki, na pale ufuoni Asembo Bay hilo si jambo dogo. Alisimama na viatu vyake vilivyochongoka, laptopu kwapani kama Biblia ya askofu, akimtazama Mama Benta akipokea simu mbili kwa mpigo. Huyu anataka samaki aina ya mbuta, yule anauliza bei ya ngege, na wote wawili hawajui soko liko wapi. Mama alirudia maneno yaleyale tangu alfajiri, sauti ikawa kama ya jogoo mwenye mafua.

"Huyu," Sydney akajiambia, "anahitaji websaiti jinsi mgonjwa anavyohitaji dripu."

Na alisema kweli. Shida ya Sydney haikuwa uongo. Shida ni kwamba kila ukweli aliouokota aliupika mpaka ukaungua. Mjini Kisumu, mteja akitaka tovuti yenye jina la duka na namba ya simu tu, Sydney alimtazama kwa huruma, kama daktari anayeficha majibu. "Websaiti nyembamba ni ya mtu mwenye njaa," alimwambia. Kisha akamwongezea muziki, video, herufi za dhahabu zinazocheza, na kila kiungo na bei yake. Kwenye laptopu yake, ambako vyote vilikuwa vimeshahifadhiwa, mambo yalifunguka kama mlango wa friji. Kwenye simu ya mteja ilikuwa hadithi nyingine, lakini wakati huo Sydney alikuwa ameshalipwa.

Aliyemwelekeza Asembo alikuwa Masinde, mwenye duka la mabati kule Nyamasaria, mteja wake wa mwaka jana. "Nenda kwa Mama Benta," Masinde alimwambia kwa sauti tamu kupita kiasi. "Yule mama ana pesa na hajui kukataa." Mtu mwingine angejiuliza kwa nini Masinde, aliyeuziwa tovuti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kufika mwisho wake, anamtafutia biashara. Sydney hakujiuliza. Dhamiri yake ilikuwa likizo.

"Mama Benta," akaanza, "dunia imehamia mtandaoni, na wewe bado unapiga kelele na koo ulilopewa na Mungu!"

"Na hiyo mtandao itanipigia kelele?"

"Itakuimbia, Mama!"

Akafungua laptopu. Tai akashuka toka mbinguni, akachota samaki majini, saksafoni ikalia, jina BENTA likazunguka kama feni. Akina mama wakaacha dagaa zao za omena juani wakaja kukodoa macho.

"Yesu!" akasema Dorca, muuza chai.

"Sasa huyu ndege kazi yake nini?" Mama Benta akauliza.

"Anatisha washindani wako."

"Na namba yangu ya simu?"

"Iko chini. Chini kabisa. Mteja akishaburudika, ataifikia."

Mama Benta alitazama ziwa, akamtazama Sydney, akatabasamu. "Nyathina, mwanangu, mbona kidogo hivyo? Ongeza. Weka kwaya ya kanisa letu, nyimbo zote. Weka video ya boti yangu ikiingizwa majini, tangu maombi mpaka pilau. Na uweke theluji."

"Theluji, Mama? Hapa Asembo?"

"Ianguke tu. Wateja wajue samaki wangu ni baridi."

Sydney aliandika yote upesi, kabla Mama hajabadili nia. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na mtu anayejifunga kamba mwenyewe na kuomba ikazwe.

"Lakini hapa kwetu," Mama akaongeza, "samaki hulipii kabla ya kumfungua mashavu. Yakiwa mekundu, unatoa pesa. Yakiwa meupe, mwenyewe anaenda kumzika. Hiyo websaiti yako utaifungua hapa hapa, kwa simu yangu. Ikifunguka kabla birika la Dorca halijachemka, nakulipa mara mbili. Ikikataa, hiyo laptopu inabaki, tupepee nayo jiko."

Mtu mwenye akili angeuliza habari za mtandao pale ufuoni. Lakini maneno "mara mbili" huziba masikio kuliko nta. Sydney alimpa mkono mbele ya ufuo mzima.

Alirudi wiki iliyofuata akiwa na suti. Dorca akabandika birika. Mama Benta akatoa simu yake, kioo kimepasuka kama shamba la kiangazi, mtandao umesimama kwa mguu mmoja. Akabonyeza.

Weupe. Kiduara kikazunguka.

"Inavuta pumzi," Sydney akaeleza.

Kikatokea kisanduku: je, Mama anakubali tovuti imkumbuke?

"Inikumbuke, kwani nimekufa?"

Kikafuata kingine, kikitaka barua pepe yake ili atumiwe habari za Mama Benta. Halafu theluji ikaanguka, vipande viwili, ikasita. Kwaya ikatoa "Ha—" na ikanyamaza, Haleluya ikakwama kooni. Mwishowe, polepole kama mkia wa foleni ya hospitali, ukajitokeza mdomo wa tai.

Kifuniko cha birika kikaanza kucheza.

"Dada Dorca," Sydney akanong'ona, "punguza moto kidogo."

"Omera, ndugu yangu, huu ni moto wa kuni. Hauna kitufe."

Simu ikalia: bando limekwisha. "Muone!" Mama Benta akapaza sauti. "Tai amekula bando yangu yote, na samaki hata hajamgusa!" Ufuo mzima ukaangua kicheko, na birika likafoka chai mpaka kwenye majivu.

Mama akanyoosha mkono. Sydney akakumbatia laptopu kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

"Mama, tafadhali. Hili ndilo jembe langu. Kazi za wateja wote zimo humu. Nikiiacha nitaishije?"

"Basi keti hapo. Toa."

"Nitoe nini?"

"Anza na huyo mwizi mwenye mabawa."

Sydney alifumba macho alipomfuta tai. Alikuwa amemuuza ndege yuleyule kwa saluni, kwa chekechea, na kwa mabati ya Masinde. Ikafuata theluji. Boti ikazama na pilau yake. "Na kwaya, Mama?" "Toa. Jumapili ipo." Visanduku, saksafoni, dhahabu, vyote vikaenda. Yakabaki maneno machache meusi: Samaki wa Benta, Asembo Bay. Leo: ngege na mbuta. Bei ya kilo. Namba ya simu.

Sydney akamnunulia Mama bando jipya kwa pesa yake. Mama akabonyeza. Ikafunguka kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo.

Akaituma kwa kikundi cha wateja wake cha WhatsApp. Chai haijapoa, simu ikalia: mwenye hoteli kule Kombewa, anataka ngege. Hakuuliza bei. Hakuuliza njia. Mama Benta alisema "Sawa, njoo," akakata, akajishika koo kama aliyerudishiwa mali iliyoibwa.

"Sasa haya mashavu ni mekundu," akasema. "Nachukua."

"Na malipo yangu?"

"Chai ilichemka, nyathina. Laptopu chukua, nimekusamehe. Websaiti inabaki. Na Masinde anakusalimia sana. Anasema sasa umejua kutoa tai, kesho ukamtolee wake."

Sydney akaifunga laptopu taratibu. "Kwa hiyo theluji ile..."

"Mimi mtu wa Asembo, theluji naijulia wapi? Alinifundisha Masinde." Mama akainua ngege mmoja mkubwa, akamfunga kwa kipeperushi cha kung'aa ambacho Sydney mwenyewe alimwachia siku ya kwanza. "Usirudi mikono mitupu. Msalimie mama watoto."

Kabla ya kufika Kisumu, Sydney alikuwa ameshajishawishi kwamba ndiye mshindi: laptopu anayo, na samaki wa bure juu. Akaingia jikoni kwa mbwembwe, akamkabidhi mkewe Debra.

Debra aliinua shavu la samaki kwa kidole gumba. Lilikuwa jeupe kama jivu.

"Baba," akauliza taratibu, "ulimfungua mashavu huyu kabla ya kumpokea?"

Sydney alibaki amesimama palepale, macho yakizunguka, kama tovuti yake ikitafuta mtandao.