Ondoeni Salfa, Tufunge Harusi

Ndugu Mkuu wa Idara ya Sayari,

Hujambo na kazi? Mimi ni mama wa binti aliyechumbiwa na mwanafunzi wako, yule anayeunda modeli ya kemikali katika hewa ya sayari kubwa za gesi. Yeye ana sayari zake, nami nina huyo binti tu. Nalalamika kwa heshima zote:

1. Kijana aliahidi harusi modeli ikitulia, yaani namba zake zikiacha kuyumba. Tukakubali, sisi si washamba. Lakini kila ikikaribia kutulia, unamwandikia kwamba kuna mmenyuko mmoja wa kemikali aliousahau. Juzi ulikuwa wa gesi ya fosfini, sasa wa salfa. Subira huvuta heri, ila hii yetu inavuta mawingu tu. Fundi cherehani ameshapanua gauni mara mbili, na ameanza kuniuliza kama bwana harusi yupo kweli.

2. Anafanyia kazi sebuleni kwangu. Feni inaipepea kompyuta, eti ikipata joto itazima. Mimi mwenye presha nikizima, shauri yangu.

3. Shangazi mtu alimuuliza atataka watoto wangapi. Akajibu kwamba kule chini kwenye joto kali hakuna kinachodumu, kila kitu huvunjikavunjika. Shangazi alibeba mkoba wake, na mpaka leo hajarudi.

4. Amonia ya huko mbinguni anaijua hadi tone la mwisho. Ya choo changu kilichoziba haisikii harufu, na meza yake iko mlango wa pili tu kutoka chooni.

Kwa kuwa sayari hiyo haina mkazi hata mmoja, naomba idara yako iiondolee salfa mpaka baada ya harusi. Nani atalalamika? Mkiirudisha baadaye, mimi nitakuwa shahidi kwamba ilikuwepo.

Nisalimie walimu wote, na karani wako anayevumilia simu zangu.

Wako katika kungoja,
Mama Bibi Harusi

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, kijana ameingia mbio: modeli imetulia! Na chuo cha nchi ya mbali kimempa kazi. Harusi Jumamosi, Jumapili wanapanda ndege. Mwanangu anakunja nguo huku anaimba, na feni imegeuziwa kwangu. Upepo wenyewe siutaki. Mkuu wangu, nakusihi, hebu itazame tena hiyo modeli. Salfa mmeiweka yote kweli?